Chanda Chema Kimenyimwa Pete

Wahenga wametuambia ya kuwa chanda chema huvikwa pete. Hawakusema kwamba chanda chema huvikwa pete leo, kesho ikavuliwa, ikawekwa juu ya meza, na vidole vinne vikaitwa kuigombea kwa siku mbili. Hilo limebuniwa na watu wa zama zetu, nao wameliita maendeleo. Mimi naliita dhuluma, na katika makala haya nakusudia kueleza kwa nini.

Dhuluma ninayoisema imo katika mchezo. Najua ya kuwa neno hili litawafanya baadhi ya wasomaji wa jarida hili wafunge kurasa, maana wanachuoni wengi hudhani kwamba mchezo ni jambo la watoto, na kwamba mtu mwenye vitabu mezani hana haja ya kujua nani alimfunga nani. Nawaomba wavumilie. Mchezo ni jambo dogo, lakini hukumu si jambo dogo. Na mchezo ni mojawapo ya mahali pachache ambapo watu hutunga sheria zao wenyewe, wakazitia sahihi, kisha wakaona kwa macho yao matunda ya walichokitunga. Watu wakihukumu vibaya mahali hapo, ambapo kila kitu kimehesabiwa na kuandikwa, watahukumu vipi mahali ambapo hapana hesabu wala kumbukumbu?

Nilipata kufundisha Kiswahili kwa miaka kadhaa katika chuo kimoja cha kaskazini-mashariki ya Marekani, upande ambao lugha yetu ina madarasa katika vyuo vingi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Chuo chenyewe sitakitaja, kwa sababu shauri langu si la chuo kimoja. Yatosha msomaji ajue kwamba timu yake ya mpira wa kikapu ilikuwa dhaifu, na kwamba katika misimu yote niliyoifuata haikupata kufika mahali pa kudhulumiwa kwa namna nitakayoieleza. Sidai haki yangu. Mtu akitetea haki ya jirani aliyemfunga mara mbili kwa mwaka, nadhani anastahili kusikilizwa.

Ligi yenyewe ina vyuo vinane: Brown, Columbia, Cornell, Dartmouth, Harvard, Pennsylvania, Princeton na Yale. Huitwa Ivy, kwa jina la mmea utambaao juu ya kuta za majengo ya kale. Mapatano yaliyoifanya iwe ligi ya michezo yote yalifanywa mwaka 1954, lakini mzizi wake katika mpira wa kikapu ni wa zamani zaidi. Ulipandwa mwaka 1901, yaani miaka 10 tu baada ya James Naismith kutundika vikapu viwili vya matunda ukumbini, mjini Springfield, Massachusetts, na kuubuni mchezo wenyewe. Vyuo hivi ni vikubwa kwa elimu na vidogo kwa mpira. Havitoi msaada wa masomo kwa sababu ya ustadi wa mchezo. Kijana husaidiwa kwa kadiri ya haja ya nyumbani kwake, awe hodari wa mpira au asiwe. Mwaka 2025, vyuo vikubwa vya nchi ile viliporuhusiwa kuwalipa wachezaji wao moja kwa moja, ligi hii ilikataa kufuata njia hiyo. Likumbuke jambo hili, msomaji, kwa sababu nitalirudia.

Sasa nieleze msimu ni nini kwa mtu anayeufuata toka mwanzo hata mwisho, maana bila ya kuujua msimu hapana awezaye kujua ni kitu gani kilichoibiwa.

Msimu huanza Novemba, majani yakiwa yamekwisha anguka. Timu hucheza kwanza na vyuo vya nje ya ligi, na aghalabu hufungwa na vilivyo vikubwa. Michezo hii ni mazoezi. Mshabiki huitazama kama mkulima atazamavyo mawingu. Kisha huingia Januari, na ligi yenyewe huanza. Kila timu hukutana na kila timu mara mbili, mara moja nyumbani na mara moja ugenini. Timu saba za kukutana nazo, mara mbili kila moja, ni michezo 14. Na kila mchezo ni dakika 40. Basi msimu wa ligi ni dakika 560 za kupimwa, pasipo timu hata moja kuachwa, wala kupata njia fupi, wala kuweza kusema kwamba haikukutana na fulani.

Desturi ya miaka mingi katika ligi hii ilikuwa kucheza Ijumaa usiku na tena Jumamosi usiku. Timu inayosafiri hucheza Ithaca na Cornell, hupanda basi usiku ule ule au asubuhi yake, hupita katika theluji kwa muda wa saa nne na zaidi, na siku ya pili hucheza New York na Columbia. Wiki nyingine hupanda hadi Hanover, kwa Dartmouth, ambako baridi ya Februari humfanya mgeni ajiulize ni nani aliyemshauri kuja huko. Jumatatu vijana hao hao wamo darasani. Palikuwa na mmoja wao katika darasa langu la mwaka wa pili, mchezaji wa akiba, mrefu kuliko mlango. Jumatatu moja aliingia na jicho limevimba, akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikamjibu, "Marahaba," kisha nikamwuliza, "Mmefungwa tena?" Akanijibu kwa Kiswahili chake kichanga, lakini pasipo kosa, "Ndiyo, Mwalimu, tumefungwa. Lakini tumefungwa kwa pointi mbili. Mwezi jana walitufunga kwa pointi ishirini."

Katika jibu lile mna maana yote ya msimu. Msimu ni kurudi. Ni kukutana tena na yule aliyekushinda, mahali pengine, katika hali nyingine, ukiwa umejifunza. Timu iliyofungwa Januari kwa kutojua hupewa Februari ili ionyeshe kwamba sasa inajua. Aliyeshinda Januari kwa bahati hutakiwa Februari ashinde pasipo bahati. Mchezo mmoja huweza kusema uongo. Michezo 14 huwa vigumu kusema uongo, kwa kuwa kila mmoja husahihisha mwenzake.

Ukumbi ni mdogo. Mtu aliyekaa safu ya tano husikia maneno ya kocha, na viatu vikilia juu ya mbao, na pumzi za mchezaji anayesimama peke yake mbele ya kikapu kutupa mtupo huru. Katika ukumbi wetu wazee walikaa viti vile vile mwaka baada ya mwaka. Alikuwapo bibi mmoja aliyeandika kila pointi katika daftari, ingawa mbao za taa zilimwonyesha hesabu yote bure. Alisema kwamba hesabu asiyoiandika mwenyewe haimkai moyoni. Mimi niliingia ukumbini mara ya kwanza kwa kukimbia baridi. Kufika mwezi wa pili nilikuwa najua ni mchezaji yupi hupenda kugeukia kushoto, yupi hutoa pasi nzuri akichoka na mbaya akiwa na nguvu, na yupi hutazama jukwaa kumtafuta mama yake. Maarifa haya hayana soko. Lakini ni maarifa ya kweli, na hupatikana kwa njia moja tu, ambayo ni kurudi usiku wa pili, na wa tatu, na wa kumi na nne.

Kwa muda mrefu ligi hii iliheshimu maarifa hayo. Aliyekuwa wa kwanza baada ya michezo 14 alikuwa bingwa, na bingwa alikwenda katika mashindano ya taifa ya mwezi Machi. Hapakuwa na mlango mwingine. Kila Ijumaa ilikuwa na uzito, kwa sababu mchezo uliopotezwa Januari haukuweza kununuliwa tena Machi. Timu mbili zikilingana kileleni, zilicheza mchezo mmoja wa kuamua, katika ukumbi usio wa yeyote kati yao. Mwaka 1996 Princeton na Pennsylvania zililingana, zikakutana Bethlehem, katika chuo cha Lehigh, na Princeton ikashinda kwa 63 dhidi ya 56 baada ya muda wa nyongeza. Mwaka 2011 Princeton iliifunga Harvard kwa 63 dhidi ya 62, New Haven, kwa mpira uliotoka mkononi mwa Douglas Davis muda ukiwa unakwisha. Mwaka 2015 Harvard iliifunga Yale kwa 53 dhidi ya 51, Philadelphia. Hizi zilikuwa hukumu za haki. Waliolingana kwa miezi miwili walipewa usiku mmoja wa kuachana, na ardhi waliyoachania haikuwa ya yeyote kati yao.

Mwaka 2016 wakubwa wa ligi walitangaza kwamba sheria ile itaondolewa, na mwaka 2017 ikaondolewa. Ligi ya Ivy ilikuwa ya mwisho kati ya ligi zote za daraja lake kuleta mashindano ya kufunga msimu. Tangu hapo timu nne za kwanza hukusanywa mahali pamoja katika Machi. Wa kwanza hucheza na wa nne, wa pili na wa tatu, na washindi hukutana siku ya pili. Atakayeshinda michezo hiyo miwili, yaani dakika 80, ndiye aendaye katika mashindano ya taifa. Na wale walioshinda dakika 560? Wao huendelea kuitwa mabingwa wa ligi. Jina wanaachiwa, safari wananyimwa. Sijui kama msomaji amepata kuona zawadi ya namna hii: mtu huambiwa kwamba shamba ni lake, na hati ni yake, lakini mavuno atachukua atakayemwangusha kwa mieleka jioni.

Nitataja yaliyotokea, kwa sababu shauri lisilo na ushahidi ni kelele.

Mwaka wa kwanza, 2017, Princeton ilishinda michezo yote 14. Haikuacha hata mmoja. Wa nne alikuwa Pennsylvania, aliyeshinda 6 na kushindwa 8, naye Princeton ilikuwa imekwisha mfunga mara mbili msimu ule. Wakakutanishwa mara ya tatu, tena wapi? Katika ukumbi wa Palestra, Philadelphia, ambao ni nyumba ya Pennsylvania tangu mwaka 1927. Wenyeji waliongoza hata sekunde za mwisho. Princeton ilisawazisha kwa mpira uliorushwa ukakataa na kurudishwa kikapuni na Myles Stephens, kisha ikashinda katika muda wa nyongeza kwa 72 dhidi ya 64. Siku iliyofuata iliishinda Yale. Watu walishangilia wakasema, "Mnaona? Aliyestahili amekwenda." Mimi nasema kwamba mtu aliyeponea chupuchupu katika daraja bovu si hoja ya kulisifu daraja.

Daraja lenyewe halikuchelewa kuvunjika. Mwaka 2022 Princeton ilikuwa bingwa peke yake, imeshinda 12 na kushindwa 2. Ikafungwa na Yale katika mchezo wa mwisho kwa 66 dhidi ya 64, ikabaki. Mwaka 2024 Princeton ilikuwa tena bingwa peke yake, tena kwa 12 na 2. Ikafungwa siku ya kwanza na Brown, iliyokuwa ya nne kwa 8 na 6, kwa pointi 90 dhidi ya 81. Brown nayo ikafungwa na Yale siku ya pili kwa pointi moja, 62 dhidi ya 61, sauti ya mwisho ikilia. Hadi mwaka 2025 mashindano haya yalikuwa yamechezwa mara saba. Mara nne kati ya hizo ligi ilikuwa na bingwa mmoja asiye na mshirika, na mara mbili kati ya hizo nne bingwa huyo aliachwa nyumbani. Nusu! Hakimu anayekosea nusu ya hukumu zake hastahili kiti, hata kama anahukumu kwa haraka na kwa shangwe.

Na zile mara tatu zilizobaki, ambapo timu mbili zililingana kileleni? Hapo upotovu ni wa namna nyingine. Mwaka 2018 Harvard na Pennsylvania zililingana. Zilikutana Palestra, na mwenyeji Pennsylvania akashinda kwa 68 dhidi ya 65. Mwaka 2019 Harvard na Yale zililingana. Zilikutana New Haven, na mwenyeji Yale akashinda. Mwaka 2023 Yale na Princeton zililingana. Zilikutana Princeton, na mwenyeji akashinda. Mara tatu walilingana, mara tatu walikutana nyumbani kwa mmoja wao, mara tatu mwenye nyumba alishinda. Kabla ya mwaka 2017 jambo hili lingekuwa aibu, maana sheria ya zamani ilitafuta ukumbi usio wa yeyote. Sheria mpya huwazungusha wenyeji kwa zamu, na zamu haijui nani atalingana na nani. Sisemi kwamba washindi wale hawakuwa hodari. Nasema kwamba mizani iliyowekwa kiganja upande mmoja haiwezi kutuambia uzito.

Wapinzani wangu wana hoja, na baadhi yake ni nzuri. Nitazichukua moja moja.

Husema kwanza: asiyekubali kushindwa si mshindani. Aliye bingwa kweli na ashinde tena. Kama ni bora, ataogopa nini? Hoja hii huvutia kwa sababu imevaa nguo ya ushujaa. Lakini kila mtu aliyeutazama mpira wa kikapu msimu mzima anajua kwamba mkono wa mchezaji una siku zake. Mpira ule ule, uliorushwa kutoka mahali pale pale na kijana yule yule, leo huingia mara nane katika kumi, na kesho mara tatu. Ndiyo sababu watu walibuni msimu. Mwanachuoni wa elimu ya viumbe hapimi mara moja akaandika kitabu. Hupima mara nyingi ili bahati za kila kipimo zifutane. Seuze awe amekwisha pima mara 14, kisha atupe vipimo vyote na kuandika kile cha kumi na sita! Anayefanya hivyo katika maabara huitwa mzembe. Katika mpira huitwa mwenye kupenda msisimko.

Husema pili: mashindano ya taifa yenyewe ni ya kutoana kwa mchezo mmoja, mbona huyalaumu? Siyalaumu kwa sababu yana udhuru. Timu za daraja la kwanza ni zaidi ya 350, na 68 huingia katika mashindano hayo. Haziwezi kukutana zote, nyumbani na ugenini, hata zikicheza mwaka mzima bila kulala. Mchezo mmoja wa kutoana ni dharura, na dharura huruhusu kisichoruhusiwa. Lakini katika ligi ya timu nane, ambamo kila mmoja amekwisha kukutana na kila mmoja mara mbili, dharura iko wapi? Mtu huruhusiwa kutayamamu akikosa maji. Hatayamamu akiwa amesimama mtoni.

Husema tatu: mashindano huwapa wanyonge matumaini. Hii ndiyo hoja inayonigusa, kwa sababu mimi nilikuwa mshabiki wa wanyonge. Ni kweli kwamba zamani timu iliyopoteza michezo minne mwanzoni ilikuwa haina tena la kutazamia, na sasa nafasi ya nne huwa na thamani hata usiku wa mwisho. Mwaka 2025 Dartmouth iliingia katika nne kwa mara ya kwanza. Chuo hicho, kilichocheza fainali ya taifa mwaka 1942 na 1944, hakijaingia katika mashindano ya taifa tangu mwaka 1959. Nani mwenye moyo wa jiwe hata aichukie furaha ya watu wale? Walifungwa na Cornell siku ya kwanza, lakini walikuwa wamefika.

Hata hivyo natofautisha matumaini na bahati nasibu. Tumaini la mnyonge ni kwamba mwaka huu atashinda sita badala ya nne, na mwaka ujao nane badala ya sita, mpaka siku moja asimame juu ya wote naye amestahili. Tumaini hilo lilikuwapo zamani, na hakuna aliyeliondoa. Kilicholetwa sasa ni kumwambia mnyonge kwamba hana haja ya kupanda ngazi, maana huenda ngazi ya jirani ikaanguka. Kijana wangu wa mwaka wa pili hakufurahi kwa kudhani kwamba siku moja atashinda kwa ajali. Alifurahi kwamba pointi ishirini zimekuwa mbili.

Husema nne: Yale ya mwaka 2024, uliyoitaja kuwa haikuwa bingwa, ilikwenda katika mashindano ya taifa ikaifunga Auburn kwa 78 dhidi ya 76. Haikuiaibisha ligi. Naam, haikuiaibisha, nami nilishangilia. Lakini Princeton ya mwaka 1996, iliyokwenda kwa sheria ya zamani, iliifunga UCLA, bingwa wa taifa wa mwaka uliotangulia, kwa 43 dhidi ya 41, na mwalimu wake mzee Pete Carril akaondoka kazini akiwa ameacha jina. Wema wa mgeni aliyekaa kiti cha mwenzake hauthibitishi kwamba kiti kilikuwa chake. Swali si kama aliyekwenda alicheza vizuri. Swali ni nani aliyepata haki ya kwenda.

Husema mwisho, kwa sauti ya chini kidogo: ligi nyingine zote zinafanya hivyo, watu hujaa, na televisheni huja. Hapa ndipo ninapomkumbusha msomaji lile nililomwomba akumbuke. Ligi hii imejenga heshima yake juu ya kutofanya kama wengine. Wengine walitoa msaada wa masomo kwa ajili ya mpira, yenyewe ikakataa. Wengine wamewalipa wachezaji, yenyewe ikakataa. Katika mambo ambayo kukataa kwake huwagharimu wachezaji, ligi imekuwa na msimamo kama mwamba. Katika jambo hili moja, ambalo kukataa kungewagharimu wakubwa mapato ya siku chache na picha za televisheni, mwamba umegeuka udongo. Kijana anaambiwa, "Hapa hatuchezei fedha, tunachezea heshima." Naye anacheza michezo 14 kwa heshima, anaishinda ligi, kisha anaambiwa kwamba heshima yake ni lazima ipite kwanza mbele ya kamera. Sioni jina la jambo hili ila unafiki.

Sipendi mtu alaumuye bila kutoa shauri, basi shauri langu ni hili. Aliyeongoza baada ya michezo 14, akiwa peke yake, apewe nafasi ya mashindano ya taifa usiku ule ule anapoipata. Wakilingana wawili, wacheze mchezo mmoja katika ukumbi usio wao, kama ilivyokuwa mwaka 1996, 2011 na 2015. Na mashindano ya timu nne yabaki, kama watu wanayapenda, yawe na kikombe chake na furaha yake; Dartmouth nyingine ije ifurahi, televisheni ije ipige picha, wenyeji wapokezane zamu. Lakini kikombe hicho kisishike ufunguo wa mlango uliokwisha funguliwa na mwingine kwa jasho la miezi miwili. Kwa njia hii hakuna anayepoteza haki. Anayepoteza ni yule tu aliyezoea kula asichopanda.

Huenda mtu akasema kwamba nimetumia maneno makubwa kwa vijana wanaokimbia wakiwa na suruali fupi. Nakubali kwamba hapana aliyekufa. Princeton ilibaki nyumbani na masomo yake yakaendelea. Lakini mwaka wa mwisho wa kijana chuoni hauna pacha. Wale waliokuwa wa mwaka wa nne mwezi Machi 2024 walifanya yote waliyoagizwa: walishinda Ijumaa, walipanda basi, walishinda Jumamosi, walirudi darasani, na mwisho wa yote waliwaacha nyuma wenzao wote saba. Kisha jioni moja Brown walikuwa na mkono wa heri, na hesabu ya miezi miwili ikafutwa kama chaki. Sisi tulio wanafunzi na walimu, ambao tunajua ni nini kufanya kazi mwaka mzima ili jina liandikwe mahali pake, hatuna ruhusa ya kulicheka hilo. Tukilicheka kwao, siku moja tutalihalalisha kwetu.

Mara ya mwisho nilipoingia katika ukumbi ule ilikuwa usiku wa mchezo wa kumi na nne. Timu yetu ilikuwa ya sita. Hapakuwa na kombe, wala televisheni. Vijana wa mwaka wa nne waliitwa mmoja mmoja katikati ya uwanja pamoja na wazee wao, wakapewa maua, na kijana wangu wa Kiswahili, aliyekuwa amefika mwaka huo, alicheza dakika tatu za mwisho akafunga pointi mbili. Tulishinda. Yule bibi wa daftari aliziandika, akapiga mstari chini ya ukurasa, akafunga daftari. Kwake yeye msimu ulikuwa umekwisha na hesabu ilikuwa kamili.

Namwomba mkubwa yeyote wa ligi ile, kama maneno haya yatamfikia kwa njia yoyote, akalitazame daftari lile. Kila bingwa amo humo, amekwisha andikwa kabla ya mashindano ya Machi kuanza. Kazi iliyobaki ni ndogo: ni kuisoma hesabu hiyo, kumtafuta mwenye chanda, na kumvika pete yake.